Atomu iliyojadiliwa Brussels na mawe yaliyotoka Katanga

Kuanzia mwaka 1911 mabingwa wa fizikia duniani walikuwa wakikutana katika mji mkuu wa Ubelgiji kujadili jinsi atomu ilivyoundwa. Katika miaka hiyohiyo, kampuni yenye makao yake mjini humo ilikuwa ikichimba huko Katanga madini ambayo baadaye yangeonesha nguvu iliyojificha ndani ya atomu hiyo. Makala haya yanazifuata njia hizo mbili hadi pale zilipokutana.

BRUSSELS

Mgeni anayefika Brussels kwa mara ya kwanza ni nadra kuondoka bila kupiga picha mbele ya Atomium, jengo la matufe tisa yanayong'aa katika uwanda wa Heysel, kaskazini mwa mji. Jengo hilo lina urefu wa mita 102 na lilijengwa kwa ajili ya maonesho ya kimataifa ya mwaka 1958, kwa ubunifu wa mhandisi André Waterkeyn. Watu wengi, wakiwemo wenzetu walioishi hapa miaka nenda miaka rudi, watakuambia kwamba hiyo ni sanamu ya atomu moja, tufe la katikati likiwa ndiyo kiini na mengine manane yakikizunguka. Sivyo. Kila tufe linawakilisha atomu nzima. Manane yanakaa kwenye pembe za mchemraba na la tisa liko katikati, na hivyo ndivyo atomu za chuma zinavyojipanga ndani ya fuwele ya chuma. Bwana Waterkeyn alichukua sehemu ndogo kabisa ya fuwele hiyo akaikuza mara bilioni 165.

Lakini kuna jambo ambalo Atomium haiwezi kulionesha. Kila tufe lina kipenyo cha mita 18, na ndani ya baadhi ya matufe watu wanatembea, wanaangalia maonesho na kwenye tufe la juu kuna mkahawa. Kwa kipimo hichohicho cha mara bilioni 165, kiini cha atomu ya chuma kingekuwa na upana wa kama milimita moja na nusu. Ni punje ya ulezi iliyoning'inia katikati ya ukumbi wa mita 18. Zaidi ya asilimia 99.9 ya uzito wote wa atomu umo ndani ya punje hiyo. Sehemu yote iliyobaki ni ya elektroni 26, ambazo ni nyepesi mno, na zaidi ya hizo ni uwazi mtupu.

Ilijulikanaje? Hakuna aliyewahi kuchungulia ndani ya atomu kwa macho. Sehemu kubwa ya jibu ilitafutwa, ikabishaniwa na kukubaliwa hapahapa Brussels, kwa gharama za tajiri mmoja wa magadi.

Tajiri huyo ni Ernest Solvay, Mbelgiji aliyejipatia utajiri kwa kugundua njia rahisi ya kutengeneza magadi yanayotumika viwandani, hasa katika utengenezaji wa kioo na sabuni. Hakupata elimu ya chuo kikuu, ila alikuwa na nadharia zake mwenyewe juu ya maumbile na alitamani wakubwa wa fizikia wazisikilize. Mkemia wa Kijerumani Walther Nernst alimshauri awaite wote pamoja. Mnamo Oktoba 30 mwaka 1911 wanasayansi wapatao ishirini waliketi katika Hoteli Métropole, katikati ya mji, chini ya uenyekiti wa Hendrik Lorentz kutoka Uholanzi. Walikuwepo Max Planck, Bibi Marie Curie, Henri Poincaré, Ernest Rutherford na kijana wa miaka 32 aliyekuwa akifundisha Prague, Albert Einstein. Katika picha mashuhuri ya mkutano huo Bwana Solvay anaonekana ameketi pamoja nao, lakini ukweli ni kwamba picha ilipopigwa hakuwepo. Kichwa chake kilibandikwa baadaye, na ukikitazama vizuri utaona kimezidi kidogo vichwa vya wenzake kwa ukubwa. Mwenye fedha zake hakosekani kwenye picha.

Inafaa kukumbuka hali ya elimu ilikuwa wapi wakati ule. Mwaka 1897 Mwingereza J. J. Thomson alikuwa amegundua elektroni, chembe ndogo yenye chaji hasi. Kwa kuwa atomu nzima haina chaji, Thomson aliifikiria kama tikiti maji: nyama yake ni chaji chanya iliyoenea kote, na elektroni ni mbegu zilizotawanyika ndani. Hata kuwepo kwenyewe kwa atomu kulikuwa kumebishaniwa hadi miaka michache tu iliyotangulia. Mfaransa Jean Perrin, ambaye naye alikuwemo katika mkutano wa Métropole, ndiye aliyewanyamazisha wengi wa wabishi, kwa kupima jinsi punje ndogo sana zinavyotikisika ndani ya maji zikigongwa na molekuli zisizoonekana.

Tikiti maji la Thomson lilipasuliwa Manchester. Hapo mwaka 1909 wasaidizi wa Rutherford, Hans Geiger na Ernest Marsden, walikuwa wakirusha chembe za alfa kwenye bati jembamba la dhahabu. Chembe hizo hutoka zenyewe kwa kasi kubwa katika madini yenye mionzi kama radiumu. Nyingi zilipenya kana kwamba hakuna kitu mbele yake. Chache sana, kama moja katika kila elfu kadhaa, ziligonga na kurudi nyuma. Rutherford alishangaa kama mtu aliyefyatua kombora kwenye karatasi laini kisha likamrudia. Kilichoweza kuirudisha chembe ya aina hiyo ni kitu kidogo, kizito na chenye chaji nyingi mahali pamoja. Mnamo mwezi Mei mwaka 1911 alichapisha hesabu zake: atomu ina kiini.

Sasa jambo la ajabu. Miezi mitano baadaye Rutherford yuko Brussels, mbele ya wataalamu wakubwa kuliko wote, na kiini chake hakikujadiliwa. Mada ya mkutano ilikuwa mionzi ya joto na kile kilichoitwa kwanta, yaani wazo la Planck kwamba nishati hutolewa kwa vipande vipande na si kwa mfululizo kama maji ya mfereji. Hakuna aliyeona kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Einstein mwenyewe aliondoka bila kuridhika, akamwandikia rafiki yake kwamba mkutano ulifanana na maombolezo juu ya magofu ya Yerusalemu. Bibi Curie naye alikuwa na yake: siku hizohizo alipata habari za kutunukiwa Nobel ya pili, huku magazeti ya Paris yakimchafulia jina kuhusu maisha yake ya faragha.

Hata hivyo safari ya Rutherford haikupotea bure. Aliporudi Uingereza alikutana na kijana wa Kidenmark aitwaye Niels Bohr, na Bohr mwenyewe alikuja kueleza baadaye jinsi alivyosimuliwa habari za Brussels. Bohr ndiye aliyeunganisha yale mawili. Kiini cha Rutherford kilikuwa na kasoro kubwa. Kwa kanuni za kale za fizikia, elektroni inayozunguka ingepoteza nishati na kuangukia kwenye kiini kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na dunia yote isingekuwepo. Mwaka 1913 Bohr alisema elektroni inaruhusiwa kukaa katika njia maalumu tu, na mwanga hutoka pale inaporuka kutoka njia moja hadi nyingine, kipande kwa kipande kama alivyosema Planck. Hesabu zake zililingana na rangi za mwanga wa hidrojeni.

Mkutano wa pili wa Solvay ulifanyika Oktoba mwaka huohuo wa 1913, safari hii mada ikiwa ni muundo wa maada. Aliyehutubia juu ya atomu alikuwa mzee Thomson. Bohr hakualikwa. Halafu vita vikaja, na mkutano uliofuata ukawa mwaka 1921, Wajerumani wakiwa wamefungiwa mlango.

Mkutano unaokumbukwa kuliko yote ni wa tano, Oktoba 1927. Watu 29 walipigwa picha mbele ya jengo la taasisi ya elimu ya viungo katika bustani ya Leopold, na 17 kati yao walikuwa wamepata au walikuja kupata tuzo ya Nobel. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Bibi Curie. Jengo hilo bado lipo na limekuwa shule ya sekondari, hatua chache kutoka Bunge la Ulaya. Wasomaji wetu wanaokwenda kununua pondu na samaki wa kukaushwa Matonge wanaweza kufika hapo kwa miguu kwa dakika kama ishirini.

Wakati huo vijana walikuwa wamezivunja hata zile njia za Bohr. Louis de Broglie alidai kwamba elektroni ina tabia ya mawimbi, Erwin Schrödinger akaandika mlinganyo wa mawimbi hayo, na Werner Heisenberg, aliyekuwa na miaka 25 tu, alionesha kwamba huwezi kujua kwa usahihi kamili mahali ilipo elektroni na kasi yake kwa wakati mmoja. Kwa hiyo zile picha za vitabuni, za elektroni zikizunguka kiini kama sayari zinavyolizunguka jua, zilikuwa zimeshapitwa na wakati mwaka 1927, na bado zinachorwa mpaka leo. Kinachojulikana ni uwezekano wa kuipata elektroni hapa au pale, mithili ya wingu, zito mahali fulani na jepesi kwingine.

Einstein hakuafiki. Hakukubali kwamba maumbile huendeshwa kwa bahati nasibu. Kila asubuhi wakati wa kifungua kinywa alikuja na fumbo jipya la kuthibitisha kwamba elimu hiyo ina tundu, na hadi chakula cha jioni Bohr alikuwa ameshalitegua. Mwaka 1930 walikutana tena hapahapa Brussels, na Einstein alileta fumbo gumu kuliko yote. Chukua sanduku lenye mwanga, alisema, ndani uweke saa na kidirisha. Kidirisha kifunguke kwa nukta moja, fotoni moja itoke, kisha upime uzito wa sanduku. Utajua wakati hasa ilipotoka, na kwa tofauti ya uzito utajua nishati yake. Vyote viwili kwa pamoja, jambo ambalo kanuni ya Heisenberg inalikataza.

Usiku ule Bohr alihangaika sana. Asubuhi alikuja na jibu, na silaha aliyoitumia ilikuwa ya Einstein mwenyewe. Ukilipima sanduku, alisema, litasogea juu au chini katika nguvu ya mvutano wa dunia, na kwa mujibu wa nadharia yako ya mwaka 1915, saa iliyosogea hivyo hubadilisha mwendo wake. Wakati uliodhani umeupata kwa uhakika unaponyoka. Einstein alinyamaza, ingawa hakubadilisha msimamo wake mpaka kufa.

Mabishano hayo yalihusu elektroni, yaani sehemu ya nje ya atomu. Zamu ya kiini chenyewe ilifika Oktoba 1933. Mwaka mmoja kabla yake, James Chadwick wa Cambridge alikuwa amegundua nyutroni, chembe isiyo na chaji inayokaa pamoja na protoni ndani ya kiini, na sasa wote walikuja Brussels kuijadili: Rutherford, Chadwick, Enrico Fermi, Bibi Lise Meitner, Bibi Curie na bintiye Irène pamoja na mumewe Frédéric Joliot. Mrusi George Gamow alitumia mwaliko huo kuikimbia nchi yake yeye na mkewe, wala hawakurudi. Ulikuwa mkutano wa mwisho wa Bibi Curie, aliyefariki Julai 1934. Miaka mitano baada ya mkutano, mwezi Desemba 1938, Otto Hahn na Fritz Strassmann mjini Berlin waliipiga urani kwa nyutroni, wakapata matokeo waliyoshindwa kuyaeleza. Aliyeyaeleza ni Lise Meitner, aliyekuwa ameshakimbilia Sweden, pamoja na mpwa wake Otto Frisch. Kiini cha urani kilikuwa kimepasuka vipande viwili.

Na urani hiyo ndiyo inayotupeleka Katanga.

Mwaka 1915 mtafuta madini wa Kiingereza, Robert Rich Sharp, aligundua urani katika kilima cha Kasolo huko Shinkolobwe, karibu na mji unaoitwa sasa Likasi. Eneo lilikuwa chini ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906 na kuendeshwa kutoka Brussels. Kilichotafutwa siku hizo hakikuwa urani bali radiumu iliyomo ndani yake, iliyokuwa na bei kubwa kwa ajili ya hospitali na maabara. Kuanzia mwaka 1922 mawe ya Shinkolobwe yalisafirishwa hadi kiwanda cha Olen, kaskazini mwa Ubelgiji, na kwa miaka kama kumi Wabelgiji walilishika karibu soko lote la radiumu duniani. Urani iliyobaki ilionekana kama makapi, ikatumika kutia rangi vyombo vya kioo na vya udongo.

Wataalamu wa madini waliochunguza mawe hayo waliyapa majina, na majina yenyewe yanasimulia. Yapo madini ya curite, kwa heshima ya Pierre Curie. Yapo becquerelite, kwa Henri Becquerel aliyegundua mionzi ya urani, soddyite kwa Frederick Soddy, na sklodowskite kwa Bibi Curie kwa jina la ukoo wake wa Kipolandi. Yote manne yalitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mawe ya Shinkolobwe. Rutherford naye anayo yake, rutherfordine, ila hayo yalitoka kwetu upande wa mashariki, katika milima ya Uluguru huko Morogoro, na yalielezwa mwaka 1906 wakati wa Wajerumani. Kwa hiyo majina ya mabingwa wa atomu yamo katika mawe ya Afrika. Kilima cha Kasolo pia kilikumbukwa, kuna madini yaitwayo kasolite. Mchimbaji aliyeyatoa ardhini hakupewa jiwe.

Kiangazi cha mwaka 1939 wanafizikia Leo Szilard na Eugene Wigner, waliokuwa wamekimbilia Marekani, waliingiwa na hofu kwamba Hitler ataipata urani ya Kongo. Walimwendea Einstein. Kwa nini yeye? Kwa sababu safari zake za Ubelgiji zilikuwa zimemfanya rafiki wa Malkia Elisabeth wa nchi hiyo, na wazo lao la kwanza lilikuwa kumwandikia malkia. Baadaye waliamua barua iende kwa Rais Roosevelt. Barua hiyo ya Agosti 2, 1939 inaitaja Kongo ya Wabelgiji kuwa ndiyo chimbuko muhimu kuliko yote la urani.

Mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa naye ameshaonywa na wanasayansi. Mwaka 1940 aliagiza zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe zipelekwe Marekani kupitia bandari ya Lobito, Angola. Zilikaa katika mapipa ya chuma kwenye ghala la Staten Island, New York, hadi Septemba 1942, afisa wa jeshi Kenneth Nichols alipokwenda kwa Sengier kuulizia urani na kuambiwa kwamba ipo tayari, mjini humohumo. Mawe ya Marekani na Kanada kwa kawaida yalikuwa na urani isiyofikia hata asilimia moja. Ya Shinkolobwe yalifika asilimia 65. Mgodi uliokuwa umefungwa na kujaa maji ulifunguliwa upya, na wachimbaji wa Kikongo wakayachambua mawe hayo kwa mikono. Upande wa pili wa vita nao ulipata fungu lake: Wajerumani walipoiteka Ubelgiji Mei 1940 waliikuta shehena kubwa ya urani ya Katanga huko Olen wakaichukua.

Sehemu kubwa ya urani iliyolipuka juu ya Hiroshima Agosti 6, 1945 ilitoka Shinkolobwe. Mwaka uliofuata Bwana Sengier alivishwa nishani ya Marekani.

Tukirudi Heysel, yale matufe ya mwaka 1958 yalikusudiwa kuufuta mwaka 1945 katika akili za watu na kuonesha atomu ya amani. Lakini karibu na Atomium, katika maonesho hayohayo, kulijengwa kijiji cha Kikongo chenye uzio wa mianzi, wanaume, wanawake na watoto wakaletwa kutoka Kongo kukaa ndani ili watazamwe. Baadhi ya watazamaji waliwarushia ndizi. Wakongo hao walikataa kuendelea kudhalilishwa na wakarudi kwao kabla maonesho hayajafungwa. Haiwezekani kuielezea Atomium kwa ukamilifu ukakiacha kijiji kile, ingawa wengi wanaopanda lifti hadi tufe la juu hawana habari nacho. Miezi michache baadaye, Juni 1959, kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Léopoldville, kwa juhudi za mkuu wa chuo, Padri Luc Gillon, ambaye mwenyewe alikuwa mwanafizikia. Mwaka mmoja baadaye Kongo ilikuwa huru.

Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa rasmi kabla ya uhuru na mashimo yake yakazibwa kwa saruji. Watu walirudi, safari hii wakitafuta kobalti na shaba kwa sururu na majembe, bila kinga yoyote dhidi ya mionzi. Mwezi Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitoa amri ya kupiga marufuku uchimbaji huo. Julai mwaka huohuo udongo uliporomoka na kuua wachimbaji wasiopungua wanane, ambao kisheria hawakutakiwa kuwemo.

Radiumu inahitaji miaka 1,600 ili nusu yake iishe. Kwa hiyo katika kila gramu iliyotengenezwa Olen mwaka 1922 kutokana na mawe ya Katanga, zaidi ya asilimia 95 bado ipo mahali fulani, na inaendelea kutoa zilezile chembe za alfa ambazo Geiger na Marsden walizirusha kwenye bati la dhahabu.